Nani Aliuua Mkonge? Uchambuzi wa Insha Moja ya Mwanafunzi wa Tanga

"Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge na kuongoza dunia. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba yakataifishwa. Kufikia mwaka 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 90,000. Ushahidi gani tena unahitajika? Azimio ndilo lililouua mkonge wa Tanga, na anayebisha ama haijui historia au hataki kuijua."

Hivyo ndivyo ilivyoanza insha ya mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili. Nafundisha uandishi katika chuo kimoja hapa Tanga mjini, na nimesoma mamia ya insha za hoja. Hii nimeichagua kwa sababu takwimu zake zilikuwa sahihi, lugha yake ilikuwa nzuri, mwandishi wake aliamini alichokiandika, na bado haikusimama. Insha mbaya yenye takwimu za uongo haina la kutufunza zaidi ya "usidanganye." Hii ina mengi.

Kazi niliyotoa ilikuwa insha ya maneno elfu moja juu ya jambo lolote la mkoa wetu ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana. Sharti hilo la mwisho nalisisitiza kila mwaka, maana ndipo wengi wanapojikwaa hata kabla hawajaandika mstari wa kwanza. "Mji wa Tanga una bandari" ni taarifa, hakuna wa kubishana naye. "Samaki wa Tanga ni mtamu kuliko wa kwingine" ni ladha ya mtu, nayo haipimiki. Dai linalofaa kujengewa insha ni kauli inayoweza kuwa kosa, tena kukawa na njia ya kuonyesha kwamba ni kosa. Mwanafunzi huyu alilipita sharti hilo vizuri kuliko wenzake wengi. Dai lake lilikuwa na meno. Nilimwambia hivyo, na nilimaanisha.

Kabla ya kuniletea nakala ya mwisho alikwenda kwao upande wa Hale, akamsomea babu yake. Mzee huyo ni Muha. Aliletwa kutoka Kigoma mwaka 1962 kupitia SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya vibarua wa mkonge kutoka mikoa ya mbali, waliokuja kuitwa manamba. Alikata mkonge kwa miaka zaidi ya ishirini. Mjukuu aliamini babu atafurahi, kwa kuwa tangu utotoni amemsikia akilalamika namna mashamba yalivyokufa.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, mwaka sitini na tano sisi tulishapunguzwa. Mkonge uliotoa milingoti ukaachwa vilevile, hawakupanda mwingine. Azimio lilikuwa bado." (Mlingoti ni ule mti mrefu wa maua ambao mkonge huutoa mwishoni mwa maisha yake.)

Jumatatu kijana akaja ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Babu kaiharibu insha yangu." Nikamwambia akae, tuangalie kilichoharibika ni kipi hasa.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha kuwa hoja tunazotumia katika maisha hazina sehemu mbili tu, dai na ushahidi. Kuna sehemu ya tatu inayoviunganisha hivyo viwili, na mara nyingi haitamkwi. Darasani naiita daraja. Mvuvi wa Sahare akitazama bahari asubuhi akasema, "Kusi limekaza leo, ngalawa hazitoki," ametoa ushahidi na dai. Hakusema kwamba upepo wa kusi ukikaza mawimbi huwa makubwa kuliko ngalawa ndogo inavyoweza kuhimili. Hana haja ya kusema, kwa kuwa kila anayemsikia pale ufukweni analijua hilo. Lakini insha inasomwa na mtu ambaye hajasimama ufukweni pamoja nawe. Daraja usipomwonyesha, atajijengea lake, au atabaki ng'ambo.

Nikampa kijana kalamu, nikamwomba aandike chini ya aya yake ya kwanza, kwa sentensi moja, kitu kinachotoa tani za mwaka 1964 na 1980 na kuzifikisha kwenye hukumu dhidi ya Azimio. Ilimchukua muda. Mwishowe akaandika: "Kwa kuwa uzalishaji ulishuka baada ya Azimio, Azimio ndilo lililoushusha." Aliitazama sentensi ile kwa kitambo, akauliza kama aifute. Nikamwambia aiache, ni sentensi ya kweli kuliko zote alizoandika, maana ndiyo aliyokuwa ameificha.

Tukaijaribu kwa kitu kingine. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika Aprili 1964. Uzalishaji wa mkonge ulishuka baada ya Muungano pia. Daraja lilelile, ushahidi uleule; mbona Muungano haukushtakiwa? Hakuwa na jibu, na hakuna aliye nalo, kwa sababu daraja lenyewe linabeba chochote kitakachowekwa juu yake. Kufuatana kwa matukio mawili kunatuambia lipi lilitangulia. Hakutuambii kwamba la kwanza lilizaa la pili. Wataalamu wa mantiki wamelionya kosa hili kwa karne nyingi, na bado ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, labda kwa sababu linavaa nguo za historia: miaka imepangwa, tarakimu zimepangwa, msomaji anahisi amethibitishiwa.

Katika kisa hiki kosa hilo lina kina zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ufundi wa mkonge wenyewe unahusika. Mche ukipandwa hukatwa majani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingine saba au zaidi, mpaka utoe mlingoti na kufa. Kwa hiyo tani zilizotoka korona mwaka 1967, kule kiwandani majani yanakosagwa na kutolewa nyuzi, zilitokana na uamuzi wa kupanda uliofanyika miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini. Mwenye shamba akiacha kupanda leo, korona haitajua leo. Itaendelea kuunguruma kwa miaka, ikila kilichopandwa zamani, na takwimu zitaonekana nzuri wakati shamba linakwisha.

Kijana alipolielewa hilo alichangamka sana. Alitaka kuigeuza insha nzima: bei ya mkonge katika soko la dunia ilianza kuanguka baada ya 1964, kamba za plastiki zikaingia mahali pa kamba za mkonge ambazo wakulima wa Ulaya na Marekani walifungia marobota ya nyasi, Brazil nayo ikawa inazalisha kwa wingi, wenye mashamba wakaacha kupanda, na matokeo yakaonekana miaka ya sabini. Basi Azimio halina hatia!

Nilimzuia hapohapo. Miaka ile ile inayochelewesha matokeo inaweza kulitetea Azimio na inaweza pia kulishtaki. Kama mashamba ya umma hayakupandwa upya kati ya 1968 na 1975, pengo lake lingejitokeza kwenye tani za mwisho wa miaka ya sabini na za 1980, zile zile alizozitaja mwanzoni. Ucheleweshaji haumwachilii mshtakiwa. Unatunyang'anya tu ruhusa ya kusoma tani za mwaka fulani kama matokeo ya siasa ya mwaka huo. Mwandishi anayegundua hoja yake ina tundu kisha akakimbilia hoja ya upande wa pili bila kuitazama kama nayo ina tundu hilohilo hajajifunza kitu. Amehama timu tu.

Swali likawa: ushahidi gani ungeweza kutofautisha visababishi hivi viwili? Si tani. Ni eneo lililopandwa upya mwaka hadi mwaka, ni bei aliyopata mzalishaji baada ya kubadilishiwa kwa shilingi, ni vipuri vya korona vilivyofika na visivyofika. Kujua ushahidi unaohitajika, hata kabla hujaupata, ni nusu ya kazi ya kuandika insha ya hoja. Wanafunzi wengi hukusanya kinachopatikana kwa urahisi kisha wakatafuta dai la kukitandikia.

Turudi kwa babu. Kijana sasa alitaka kumfanya shahidi mkuu. Rasimu ya pili ilikuwa na sentensi hii: "Babu yangu, aliyekuwepo, anathibitisha kwamba mkonge ulikufa kwa sababu ya soko la dunia." Nilimuuliza babu aliliona soko la dunia akiwa wapi. Mzee yule ni shahidi mzuri sana wa mambo kadhaa: kwamba katika shamba lake watu walipunguzwa mwaka 1965, kwamba mkonge uliotoa milingoti haukupandwa tena, kwamba kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilichukua muda mrefu kujaa kuliko mwanzo. Kwa hayo sina shahidi bora. Kwa bei ya mkonge huko London si shahidi, wala hajawahi kudai kuwa shahidi. Tena ni shahidi wa shamba moja, na mkoa ulikuwa na mashamba mengi. Kumheshimu mtoa habari ni kumwacha aseme anachokijua. Ukimbebesha asichokijua, msomaji makini atamtilia shaka hata kwa kile alichokiona kwa macho yake.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa mantiki ya maneno yake, kwa hisia anazoziamsha, na kwa namna yeye mwenyewe anavyoonekana kuwa mtu wa kuaminika. Hiyo ya tatu ndiyo iliyojeruhiwa na sentensi ile ya "anayebisha ama haijui historia au hataki kuijua." Msomaji pekee ambaye insha ya hoja inamhitaji ni yule anayebisha. Wanaokubali tayari hawana haja nayo. Sasa yule mmoja anayehitajika ametukanwa katika aya ya kwanza. Kwa nini aendelee kusoma? Nilimwambia afute sentensi hiyo, na sababu haikuwa adabu peke yake. Ilichukua nafasi ambayo ingekaliwa na jibu.

Na jibu lilihitajika, kwa kuwa mpinzani aliyekuwemo kwenye rasimu alikuwa dhaifu kupita kiasi. Kijana aliandika: "Wapo wanaosema Azimio halikuwa na kosa lolote kwa sababu Mwalimu Nyerere alikuwa mtu mwema." Sijakutana na mtu mzima anayetoa hoja hiyo kwa sura hiyo. Kujichongea mpinzani wa namna hii na kumwangusha hakumshawishi yeyote, kwani mpinzani halisi amekaa pembeni anatazama, na anajua si yeye aliyeangushwa. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kimoja: eleza hoja ya mwenzako kiasi kwamba yeye mwenyewe akiisoma aseme, "Naam, hicho ndicho ninachokisema, tena umekisema vizuri kuliko mimi."

Ilimchukua wiki nzima. Alizungumza tena na babu, akaongea na mwalimu wa historia, akarudi na aya ambayo bado naikumbuka. Kwa ufupi ilisema: mtetezi wa Azimio atakuambia kwamba serikali haikukuta mti wenye afya. Ilikuta sekta ambayo bei yake ilikuwa inaporomoka na ambayo baadhi ya wenye mali walishaanza kuondoa fedha zao, huku maelfu ya watu waliotolewa makwao na kuletwa Tanga wakiwa hawana pa kwenda. Kuyachukua mashamba kulikuwa njia ya kuyazuia yasifungwe. Hiyo ni hoja yenye uzito. Ukiisoma unaanza kuyumba. Mwandishi akikufikisha hapo juu ya msimamo unaopingana na wake, unajua hajakuficha kitu.

Lakini kulikuwa na hatari nyingine, nayo ilijitokeza katika rasimu ya tatu. Kijana alikuwa ameogopa. Dai lake sasa lilisomeka: "Kuanguka kwa mkonge kulisababishwa na mambo mengi ya ndani na ya nje ambayo yanapaswa kuzingatiwa." Najua walimu ambao wangeipa sentensi hii alama nzuri kwa kuwa ina busara na haimkwazi mtu. Mimi naiona mbaya kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kosa, lakini ilikuwa dai. Hii haiwezi kuwa kosa kamwe, kwa hiyo haisemi chochote. Kila kitu duniani kina mambo mengi ya ndani na ya nje.

Kupunguza makali ya dai ni ufundi, na haufanywi kwa kuyafuta meno yote. Unauliza: ushahidi wangu unanifikisha wapi hasa? Neno "ndilo lililouua" lilivuka ushahidi. "Mambo mengi" liliukimbia. Kati yake kuna maneno ambayo Kiswahili kinayo tele na wanafunzi huyaona kama udhaifu: kwa sehemu kubwa, huenda, yumkini, katika mashamba niliyoyachunguza, hadi mwaka fulani. Kila moja ni kipimo. Anayeyatumia anamwambia msomaji hasa ni uzito gani ameuweka juu ya daraja lake.

Rasimu ya nne ilifika na dai hili: "Mkonge wa Tanga ulianza kuumizwa na bei ya soko la dunia kabla ya 1967. Utaifishaji haukuleta ugonjwa huo, lakini kwa sehemu kubwa ndio ulioyanyima mashamba uwezo wa kupona, kwa kuwa katika miaka ya sabini mzalishaji alilipwa kwa thamani ya shilingi iliyowekwa juu kuliko hali halisi, na viwanda vikakosa vipuri." Hapa kuna sababu mbili zilizotenganishwa, kila moja na wakati wake. Kuna kukiri: sehemu ya hoja ya mpinzani imekubaliwa waziwazi, kwamba ugonjwa ulikuwepo. Wanafunzi wengi hudhani kukiri ni kushindwa. Tazama kazi inayofanywa na kukiri hapa: mtetezi wa Azimio hana tena haja ya kurudia habari ya bei, amekwishapewa. Sasa analazimika kujibu habari ya shilingi na vipuri. Mabishano yamesogea hadi mahali ambapo kuna kitu cha kupima.

Kuhusu hisia nitasema machache. Kuna fundisho linalosambaa kwamba insha ya hoja haina hisia na insha ya kushawishi ndiyo yenye hisia. Tofauti yake haiko hapo. Insha ya hoja inamwomba msomaji aamue baada ya kupima. Ya kushawishi inataka afanye jambo: apige kura, achange, apande. Zote mbili huandikwa kwa ajili ya watu wenye moyo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "machozi ya wanyonge" na "jasho na damu ya wazee wetu," maneno yaliyotumika mpaka yamechakaa, na hayakunigusa. Rasimu ya nne haikuwa na chozi hata moja. Ilikuwa na aya fupi kuhusu mkono wa kulia wa babu: kuanzia kiwiko hadi kiganjani una vidoa vyeusi vidogo, mamia, kila kimoja mahali ambapo mwiba wa ncha ya jani uliingia wakati akikusanya majani na kuyafunga fungu la thelathini thelathini. Vingine mwiba umo bado. Aya hiyo ilikaa mara tu baada ya takwimu za 1964, na ilinifanya nizisome tani zile upya. Sasa zilikuwa na mikono. Hisia hiyo haikuchukua nafasi ya ushahidi. Ilimwonyesha msomaji ushahidi ule unahusu nini.

Insha haikukamilika. Aya yake ya vipuri ilibaki nyembamba: mfano mmoja, wa korona moja, uliotoka kwa mtu yuleyule mmoja. Nilimkata alama kwa hilo na nikamweleza sababu. Tuko mjini yalipo makao ya Bodi ya Mkonge Tanzania, na wilaya ya Muheza, kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, si mbali. Angeweza kwenda kuulizia.

Likizo ilipofika akaenda tena Hale na nakala iliyosahihishwa. Aliporudi alinisimulia kuwa babu hakuikubali. Kwa mzee, shilingi na vipuri ni maneno ya watu wa ofisini. Anaamini mashamba yalikufa siku yalipoacha kupandwa, na hilo lilikuwa kabla ya Azimio, basi. Ila safari hii walibishana kwa saa mbili, na katikati ya ubishi babu aliingia ndani akatoka na bahasha ya vipande vyake vya miaka ya sabini, siku za kazi zimewekewa alama, na mahali kadhaa siku zimepita bila alama yoyote. "Hizi," mzee akasema, "korona ilikuwa imesimama. Tulikaa tu." Kijana alizihesabu siku hizo, kadi baada ya kadi, akaziandika kwa penseli pembezoni mwa aya yake ya vipuri.